Kabla hamjaenda kwa mshauri nasaha

Kichwani nina ujumbe wa dada mmoja wa Tabata ambao nimeusoma mara nne. Anasema ana miaka 31, ameolewa miaka mitano, hakuna kupigwa wala nyumba ndogo anayoijua, lakini yeye na mumewe wanaishi kama wapangaji wawili waliogawana jiko. Mwenzake wa ofisini amempa namba ya mshauri nasaha. Swali lake ni fupi: "Dada, niende peke yangu au nimvute na huyu bwana? Na nikifika kule naanzia wapi?"

Nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka, maana na mimi nilishawahi kuwa na namba kama hiyo kwenye simu. Niliihifadhi kwa jina la "Fundi Friji" ili mwenzangu asishtuke. Ilikaa wiki saba bila kupigwa.

Ngoja niwaambie yaliyonikuta, kwa sababu mengi ninayotaka kuyasema leo nimeyajua kwa kukosea.

Mwaka 2018 mimi na mwenzangu tulikuwa na kiwanja Bunju. Tulikinunua kwa kubana kwelikweli: mwaka mzima chakula cha mchana kinatoka nyumbani kwenye hotpoti, michango ya harusi tunatoa nusu, Krismasi bila kwenda kwa wazee. Jumamosi moja nikaenda peke yangu na fundi ili anipigie hesabu ya msingi. Tukakuta tofali za mtu zimepangwa, na kijana mmoja anazilinda. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mmekosea kiwanja." Akanijibu kwa upole kabisa, "Hapana mama, bosi wangu kanunua hapa tangu mwezi wa tatu." Aliyemuuzia alikuwa mume wangu.

Kelele za usiku ule siwasimulii. Kilichonitisha ni kilichokuja baada ya kelele. Tulichuniana miezi miwili. Tukawa tunaongea kupitia mtoto: "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama nimeshakula." Mtoto wa miaka minne akageuka mesenja wa watu wazima wawili wenye digrii. Mimi nilishaanza kuulizia bei za vyumba Sinza, na kwenye pochi nilikuwa na kikaratasi chenye hesabu ya mshahara wangu, kodi na ada ya chekechea. Siku mtoto alipokataa kupeleka ujumbe akaanza kulia, ndiyo siku "Fundi Friji" alipopigiwa simu.

Unaumwa wapi?

Kabla hujauliza uende na nani, jiulize unaumwa wapi. Wengi tunalipitia swali hili haraka halafu tunajikuta kwenye kiti kisicho chetu.

Kama wewe mwenyewe hulali, huli, umepungua hata sketi zinazunguka, huna hamu ya kitu chochote kwa wiki kadhaa, au umeanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, hilo ni la kwako kwanza, na ni la hospitali kwanza. Usisubiri mume akubali kuja. Mwambie daktari ukweli wote. Anaweza akataka upime damu, maana upungufu wa damu au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri vinaweza kumfanya mtu achoke na kunyong'onyea, wewe ukadhani ni ndoa. Kama umejifungua karibuni, mwambie na hilo pia, kwa sababu sonona baada ya uzazi ipo na inatibika. Na kama mawazo ya kujidhuru yameshakujaa, nenda leo, na usiende peke yako.

Kama wewe kama wewe uko sawa, ila mkiwa wawili ndipo mambo yanapochacha, hapo ndipo penye vikao vya wawili. Na kama hujui, anza peke yako. Mshauri anayeijua kazi yake atakusaidia kujua.

Halafu kuna hali moja ambayo sitaki mtu aniletee ubishi. Kama kuna kipigo, vitisho, kulazimishwa tendo, kunyang'anywa simu au kufuatiliwa kila hatua, usikimbilie vikao vya pamoja. Nasema hivi kwa sababu moja iliyo rahisi sana: utakachokisema mbele ya mshauri saa tano, utaulizwa kwenye gari saa sita. Nenda peke yako. Pale polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kwenye halmashauri kuna maafisa ustawi wa jamii. Mshauri mzuri akisikia kuna kipigo atawatenganisha yeye mwenyewe. Asipofanya hivyo, huyo si wa kwenu.

Somo, mshenga, mchungaji na huyu mgeni

Mama mkwe wangu aliposikia tunataka kwenda kwa mshauri (alivyosikia ni hadithi nyingine, nakuja), aliuliza swali zuri tu: "Kwani wasimamizi wenu wa ndoa kazi yao nini?"

Na ni kweli. Sisi hatujaanza leo kushauriwa. Binti wa pwani ana somo wake. Posa ina mshenga, na mambo yakiharibika mshenga anaitwa. Kanisani mna wasimamizi, mna mchungaji au padri. Msikitini yupo shehe. Siwadharau hata kidogo, na ndoa nyingi ninazozijua zimeshikiliwa na watu hao, bila hata senti. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kila mmoja wao ana upande. Mshenga ana heshima yake ya kulinda, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaleta. Mchungaji ana imani anayoisimamia, na ni haki yake. Shangazi ni dada wa mtu. Mshauri mliyemlipa hana cha kupoteza mkibaki wala mkiachana, na ndiyo maana mnaweza kumwambia yale ambayo shangazi hafai kuyasikia.

Kuna woga mwingine, hasa kwa akina baba, ambao nimeusikia mara nyingi: "Ukishaenda ushauri ndiyo umeanza talaka." Huo woga umetoka mahali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka kwamba kabla mtu hajafungua shauri la talaka mahakamani, mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo linathibitisha hivyo kwa maandishi. Vipo vighairi, lakini ndiyo njia ya kawaida. Sasa watu wameona majirani wakienda "kushauriwa" barazani, na baada ya miezi kadhaa wameachana. Wanaunganisha. Mshauri nasaha ni kitu kingine kabisa. Hatoi karatasi ya kupeleka mahakamani, haandiki nani ana kosa, na mkiacha kwenda hakuna atakayewaita. Mweleze mwenzako hilo mapema. Mimi nilichelewa kulieleza, na mwenzangu alikaa wiki nzima akidhani naandaa kesi ya kiwanja.

Kuhusu vyeo, usibabaishwe. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, na yeye ndiye anayeweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia amesomea saikolojia na anatibu kwa mazungumzo. Mshauri nasaha naye amesomea ushauri, wengine shahada, wengine cheti cha miezi michache. Wasomaji wangu wa Kenya mna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka mtu asajiliwe kabla ya kutoa huduma, kwa hiyo ulizeni usajili bila aibu. Huku kwetu, uliza amesoma nini, wapi, na nani anamsimamia. Mtandaoni kila mwenye sauti nzuri na taa ya duara ni "mshauri wa mahusiano". Na mimi ninayeandika hapa nina kalamu na ndoa moja iliyowahi kuchubuka, basi. Msije mkanilipa.

Kosa langu la kwanza

"Fundi Friji" alikuwa mama mmoja mwema, mtu mzima, anajulikana. Tatizo ndilo hilo, anajulikana. Nilipewa namba na mtu wa ukoo, na sikuuliza swali hata moja. Niliona aibu kuuliza. Nilijiona mgonjwa, na mgonjwa hamhoji daktari. Nikaenda peke yangu mara mbili, nikalia, nikamwaga kila kitu.

Wiki ya tatu mama mkwe akapiga simu. Tukasalimiana vizuri, akaulizia mjukuu, akaulizia mvua. Halafu akasema taratibu, "Mwanangu, kiwanja ni udongo tu. Usivunje nyumba kwa ajili ya udongo."

Nilibaki na simu mkononi. Mume wangu hakuwa amemwambia mama yake, maana alikuwa anaona aibu kuliko mimi. Mimi sikumwambia mtu zaidi ya yule mshauri. Nikaja kugundua wanasali jumuiya moja. Sidhani alikusudia ubaya. Nadhani aliona anasaidia, aliomba wenzake watuombee. Lakini tangu siku ile nilishindwa kumtazama mama mkwe usoni, na mume wangu aliposikia nimekwenda kwa mtu kwa siri, na siri imefika kwa mama yake, akahama chumba. Kwa hiyo msaada wangu wa kwanza uliniongezea ugomvi wa pili.

Ndiyo maana nasema piga simu kwanza, uliza, halafu ndiyo uende. Dakika kumi za simu hazimuudhi mtu anayejua kazi yake. Mimi safari ya pili niliandika maswali nyuma ya bahasha, nikayasoma moja moja kama mtoto wa shule.

Niliuliza: unamfahamu mtu yeyote katika familia zetu? Unasali wapi, unakaa wapi? (Ndiyo, niliuliza. Alicheka, akajibu.) Nitakayosema yanabaki wapi? Hapo alinijibu jambo ambalo wengi hawalijui. Alisema siri ina mipaka yake: akiona mtu yuko kwenye hatari ya kujiua au kumdhuru mwingine, akisikia mtoto anaumizwa, au mahakama ikimwamuru, hawezi kunyamaza, na akifika hapo ataniambia kwanza kama inawezekana. Nilimwamini zaidi kwa sababu hakuniahidi kila kitu.

Swali lingine nilifundishwa na rafiki yangu mmoja, na naliona ni la dhahabu kwa wanaokwenda wawili: "Nikikuambia kitu nikiwa peke yangu, utamficha mwenzangu?" Washauri wanatofautiana hapa. Wapo wanaosema siri za mmoja hawazibebi, kwa hiyo usimwambie chembamba kitu usichotaka kije mezani. Wapo wanaokubali kuzibeba. Yote mawili yanawezekana, ila mjue kabla, wote wawili. Fikiria una mtoto wa nje, umemwambia mshauri Jumanne, Jumamosi mmekaa watatu, yeye anajua, mkeo hajui. Mkeo akija kugundua, amewapoteza wote wawili kwa siku moja.

Na lugha. Hili watu wanalidharau. Tuko kwenye ofisi za Kiingereza siku nzima, basi tunadhani tutaumwa kwa Kiingereza pia. Mwenzangu akiwa na furaha anaongea Kiswahili, akiwa kazini Kiingereza, akikasirika anarudi Kipare. Tulihitaji mtu ambaye mtu akichanganya lugha katikati ya sentensi haombi kurudiwa. Muulize atakuhudumia kwa lugha gani, na wewe jiulize unalia kwa lugha ipi.

Hela, saa na foleni

Tuseme ukweli, hapa ndipo wengi tunapokwama halafu tunasingizia muda.

Sisi tulilipa shilingi 60,000 kwa kikao cha dakika 50. Tulikwenda vikao kumi, jumla 600,000, ukiondoa mafuta na dada wa kukaa na mtoto Jumamosi. Nilipoona hiyo hesabu nilishtuka. Kisha nikakumbuka mwaka uleule tulichangia harusi nne na kitchen party mbili, na hakuna aliyeniuliza hizo hela zimeleta faida gani. Kwa ndoa za wengine tunaunda kamati, tuna mwenyekiti na mweka hazina, tunakumbushana kwenye WhatsApp kila asubuhi. Ndoa yetu wenyewe ikiugua tunasema hela hakuna.

Ila zipo njia za nafuu, na si aibu kuzitafuta. Hospitali kubwa za umma zina kliniki za afya ya akili. Muhimbili ipo, na hospitali nyingi za rufaa zina kitengo. Wapo washauri wanaopunguza bei wakiambiwa hali halisi. Kama una bima, piga simu kwenye bima yenyewe uulize: mnalipia ushauri nasaha, vikao vingapi, kwa nani, na barua ya daktari inahitajika? Usiulizie mapokezi ya zahanati. Na kama kampuni yenu inatoa huduma hiyo kwa wafanyakazi, uliza kwanza bosi anapata taarifa gani. Kampuni inaweza kujua idadi ya waliotumia huduma bila kujua majina. Lipate hilo kwa maandishi.

Nani analipa? Mume wangu alitaka alipe yote, kama faini. Mimi nilikataa. Nilijua akilipa yeye, kila kikao kitakuwa cha kumhukumu yeye, na nilishaanza kuhisi (bila kusema) kwamba na mimi nina langu. Tukagawana nusu kwa nusu. Kubishana kuhusu nani alipe ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza ya maana baada ya miezi miwili, na yalifanyika jikoni, tumesimama.

Uliza pia ukichelewa inakuwaje, maana kwa wengi dakika zako zinaliwa na foleni na bei inabaki palepale. Uliza ukiahirisha unatakiwa kutoa taarifa saa ngapi kabla. Tulikuwa tunatoka Kimara kwenda Mikocheni wakati daraja la juu la Ubungo bado linajengwa, si mchezo. Mara ya kwanza tulifika zimebaki dakika 20, tumeshagombana njiani kuhusu njia ya kupita. Baada ya hapo tukachukua Jumamosi saa nne asubuhi.

Tena usipange kikao saa moja kabla ya mkutano wa kazini, wala siku ya send-off ya wifi yako. Utatoka macho mekundu. Jipe nusu saa ya kukaa tu, hata kwenye kibanda cha madafu.

Siku hizi mambo ya simu na video yamerahisisha sana, hasa kwa walio mikoani au kama mmoja yuko Mwanza na mwingine Dar. Lakini nyumba zetu kuta zake ni nyembamba na dada wa kazi ana masikio. Rafiki yangu mmoja alikuwa anafanya vikao ndani ya gari lililoegeshwa chini ya mwembe ofisini, spika za masikioni, vioo juu. Alisema joto lilimmaliza kuliko maswali.

Namna ya kumwambia

Dada wa Tabata, hapa ndipo penye kazi. Mimi nilimwambia mara tatu.

Mara ya kwanza nilimwambia tukiwa tumegombana: "Wewe unahitaji kutibiwa!" Akanijibu, "Unanipeleka Mirembe?" Mazungumzo yakafia pale. Mara ya pili nilimwambia mbele ya kaka yangu, nikitegemea kuungwa mkono. Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa zaidi. Mwanaume akiona ameitiwa baraza la mashemeji anafunga mdomo, na mwanamke angefunga pia. Mara ya tatu nilimwambia usiku wa kawaida, mtoto amelala, tumemaliza kuangalia taarifa ya habari. Nikasema, "Mimi silali vizuri. Nataka nimwone mtu. Ningependa tuwe wote, lakini usipoweza nitakwenda mwenyewe, na nitakuambia ni siku gani." Sikumwambia ana tatizo. Akanyamaza muda mrefu, akasema, "Mara tatu. Zikiisha tatu, basi."

Nikakubali. Ni jambo zuri kukubaliana idadi mwanzoni, kwa sababu mtu anaogopa kitu kisicho na mwisho. Na si lazima iwe miaka na miaka kwenye kochi kama kwenye sinema za Marekani. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha tiba ya mazungumzo ya kutatua matatizo, akawakalisha na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, vikao sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninachokipenda zaidi ni kwamba bibi hao hawakutumia majina magumu ya kitabibu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kila mtu hapa kwetu anayesema "mawazo yananiua" anajua wanaongelea nini.

Usimdanganye mwenzako kwamba kila kitu kitakwisha kwa vikao vitatu. Mwambie tu tunajaribu vitatu, halafu tunaulizana.

Kule ndani

Sisi cha kwanza mshauri alituuliza kila mmoja anataka nini kitokee. Mimi nilisema nataka ukweli. Mwenzangu alisema anataka kulala chumbani kwake. Nilikasirika, nikaona anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha.

Kikao cha pili ndipo yalipotoka. Mdogo wake alikuwa ameingia kwenye hii mikopo ambayo siku hizi mnaiita kausha damu, wameshamchukulia pikipiki na friji, wanamtishia jela. Mume wangu aliuza kiwanja ndani ya siku nne. Mshauri akamuuliza kwa nini hakuniambia. Akatazama sakafu, akasema, "Nilijaribu. Mwezi wa pili. Alisema ndugu zangu ni mzigo, nikaona nisiendelee."

Na nilisema. Nilikumbuka hata nilikuwa nimesimama wapi, na pasi mkononi. Nilikwenda pale kudai kiwanja changu, na nikatoka na sentensi yangu mwenyewe. Alinikosea, hilo halijabadilika, na kuuza mali ya wawili kwa siri ni kosa hata leo. Lakini nilikuwa nimepanga kusikia makosa ya mtu mmoja tu. Kwenye gari tulikuwa kimya hadi Ubungo.

Kwa hiyo jiandaeni. Inaweza ikawa mbaya zaidi kabla haijapoa. Baada ya kikao cha tatu mimi nililala na mtoto siku mbili. Mshauri alitupa sheria mbili ambazo tulizishika: yaliyosemwa ndani hayajadiliwi kwenye gari, na hayatumiki kama rungu siku mkigombana kuhusu luku. Ya pili nimeivunja mara moja, nikaomba radhi.

Na mshauri naye mpimeni. Akianza kuchukua upande kila mara, akianza kuwahubiria msichomwomba, akiwaamulia muachane au msiachane, akiongea habari zake kuliko zenu, semeni. Asipobadilika, tafuteni mwingine, hamjafunga naye ndoa. Akianza kumtaka mmoja wenu, kumshika, kumtumia ujumbe wa usiku, ondoka siku hiyohiyo na umripoti. Hakuna tiba ya namna hiyo.

Dada wa Tabata, jibu langu ni hili. Piga simu wiki hii, usubiri wiki saba za nini. Nenda peke yako mara ya kwanza, lakini umwambie unakwenda, usimfiche kama nilivyofanya mimi. Mwachie mlango wazi bila kumvuta. Ukifika kule huna haja ya hotuba; anza na ulichoniandikia mimi, ile ya wapangaji wawili na jiko moja. Kisha uniandikie.

Sisi vikao vitatu vya mwenzangu vilifika kumi, na kikao cha saba aliweka miadi mwenyewe. Kiwanja hakikurudi. Mdogo wake analipa kidogo kidogo, 50,000 akiwa nazo. Mwezi uliopita tulikwenda msibani Bagamoyo tukapita Bunju, nyumba ya yule bosi imeshapauliwa, bati za bluu. Mwenzangu akapunguza mwendo, akaitazama, akasema, "Ila bati za bluu tusingeweka."

Nikamwambia hata kidogo.

Barua na jumbe zenu nazisoma zote, hata zile za kurasa sita. Mwezi ujao nina ya kaka mmoja wa Morogoro ambaye mchumba wake anataka waonyeshane mishahara kabla ya mahari. Wenye uzoefu niandikieni mapema.